Perege wa Litanda

Harufu ya mihogo iliyovundikwa haifanani na kitu kingine ninachokijua. Si uozo, ingawa mgeni akiisikia huziba pua na kuuliza kuna nini kimekufa. Ni harufu kali yenye uchachu, kama togwa iliyosahauliwa chunguni, imechanganyika na tope na magunia mabichi, na ukiivuta sana inapanda mpaka nyuma ya macho. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya bwawa, na harufu ya bwawa ndiyo harufu ya utoto. Mwezi uliopita nilipita sokoni Chikongola, mjini, mama mmoja akafungua kiroba cha unga ambao haukukauka vizuri, nikasimama pale pale kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nikarudi nyumbani nikasema ngoja niandike. Mimi niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa mazoea tu ya jioni, kwa hiyo sijui kama nitayapanga mambo yanavyopaswa. Nitajitahidi tu nisimwonee mtu.

Kijiji chetu kipo upande wa Mpapura, bondeni, penye mikorosho mingi na maji machache. Bwawa tuliliita Litanda. Bibi alisema hilo ni neno letu, Mama Adelina, jirani yetu, naye alisema ni neno la kwao ng'ambo ya Ruvuma, na mpaka leo sijui nani alikuwa na haki, huenda wote wawili. Halikuwa bwawa la kuchimbwa. Lilikuwa shimo la Mungu katikati ya mashamba, mvua zikinyesha linajaa mpaka linagusa mizizi ya mikorosho ya kina sisi, kiangazi linarudi nyuma pole pole na kuacha pete za tope lililopasuka. Masika yungiyungi lilitandaza majani yake juu ya maji, na palikuwa na ndege mwenye vidole virefu aliyetembea juu ya majani yale bila kuzama, jambo ambalo nililijaribu mimi na binti yake, Adelina, tukapigwa wote wawili. Kerengende wekundu walikaa kwenye ncha za matete. Vyura walipiga kelele mpaka mwalimu wa madrasa akasogeza darasa. Chini kabisa waliishi kambale, weusi, wenye sharubu, na juu yao perege wadogo wadogo waliokuwa kitoweo chetu. Wanaume waliwatega kwa migono iliyosukwa kwa fito, na hakuna aliyeweka migono kabla wengine hawajakubaliana.

Wanawake nao walikuwa na utaratibu wao. Muhogo wetu mwingi ni ule mchungu, ambao ukiula hivi hivi unakulaza chini. Lazima umenywe, uvundikwe majini mpaka ulainike na kutoa uchungu wake, ndipo uanikwe na kutwangwa. Maji yanayotoka mle ni sumu, hilo kila mtoto alilijua, kuku akinywa anaanguka. Kwa sababu hiyo hakuna aliyevundika ndani ya bwawa lenyewe. Kila nyumba ilikuwa na kishimo chake pembeni, ukingoni, kinachopata maji kwa chini bila kuyarudisha, na vijiti vya kuonyesha ni cha nani. Maji ya kunywa tulichota kwenye kishimo kingine, upande wa juu penye mchanga. Hivyo bwawa moja lilikuwa na sehemu tatu, na mtu akikosea sehemu aliitwa mchafu mpaka kwa wajukuu.

Mama Adelina alikuwa pia shoga wa mama yangu. Walikuja kutoka ng'ambo, yeye na mumewe, Adelina akiwa bado mgongoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kwa namna yake, na alikuwa Mkristo peke yake katika safu yetu ya nyumba. Ukienda kwake na kiu, alichota maji mtungini kwa kata na kukupa mkononi moja kwa moja, huku akiendelea kuongea. Mumewe alikuwa fundi wa kujenga, kipindi hicho alikuwa Mnazi Bay kwenye kibarua. Naye, niseme ukweli, alikuwa na mdomo. Aliwahi kuwacheka wanaume wetu na migono yao, akasema kwao mtu anatwanga majani ya utupa, anayamwaga majini, na kabla chai haijapoa samaki wote wamelewa wanaelea. Nyuma ya nyumba yake aliotesha utupa, mstari mzima, akisema ni wa kufukuza fuko wasile mihogo. Pengine kweli. Ila nyuma ya choo cha Bibi yangu nao ulikuwepo mti mmoja wa utupa, kwa ajili ya chawa wa kuku, na huo hakuna aliyewahi kuutaja.

Mwaka ninaoukumbuka mvua zilichelewa. Unga uliisha majumbani, na kwa kuwa uliisha kwa wote, wote waling'oa mihogo kwa wakati mmoja. Bwawa lilikuwa limerudi nyuma mno, vile vishimo vya kuvundikia vikabaki vikavu, ndani yake ni konokono waliojifunga, na kile cha maji ya kunywa tu, upande wa juu, kikawa bado kinatoa kidogo kidogo. Nakumbuka wanawake wamesimama na viroba vya mihogo vichwani wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Aliyeanza simjui. Nimewahi kumuuliza mama, akasema hakumbuki. Nilipomuuliza mama mwingine akamtaja mama yangu. Ninachokijua ni kwamba siku ile viroba vyote viliingia kwenye maji yaliyobaki pale katikati, vikakandamizwa kwa mawe, na vijiti vikachomekwa kuonyesha hiki cha nani na hiki cha nani. Kiroba cha Mama Adelina kilikuwepo. Chetu kilikuwa pembeni yake.

Halafu asubuhi moja tukasikia watu wanaitana. Nilipofika na Adelina, maji yalikuwa meupe juu, nikadhani ni povu. Walikuwa perege. Wamelala ubavu, matumbo yao yanang'aa, wadogo na wakubwa, na wachache waliokuwa hai walikuja juu wakifungua midomo na kufunga kama watu wanaotaka kusema kitu. Mdiria, ndege mla samaki, alikuwa kwenye tete lake, ameshiba, hapepesi jicho. Kambale hawakuelea. Mimi niliwatafuta kwa sababu niliwaogopa, nikaona sharubu zikichungulia kwenye tope, zinavuta pumzi juu na kurudi chini. Nilimwambia Bibi kwamba kambale ni wazima. Akaniambia niokote samaki, nisihesabu wazima.

Neno utupa lilisemwa kabla jua halijawa kali. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na hili lilikuja likapita nyumba kwa nyumba, likafika mlangoni kwa Mama Adelina likakaa. Watu wangapi walikuwa na utupa? Nani mume wake aliwacheka wenzake? Nani mgeni? Nataka nitende haki hapa. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa na njaa, kitoweo chao chote kimeelea kwa asubuhi moja, na samaki wakielea bila jeraha mtu wa kwetu anajua sababu moja tu. Ningekuwa mtu mzima ningesema nini? Sijui. Naogopa ningesema kama wao.

Mwenyekiti wa kitongoji aliita watu pale pale bwawani, mchana, ili kila mtu aone na asikie. Alikuwa mtu wa utulivu, na alianza vizuri, alisema hakuna mtu wa kuguswa. Jambo lenyewe lilikuwa moja: kama Mama Adelina ametia utupa, hatachota tena maji Litanda. Ukilisikia hivi unaweza kuona ni adhabu ndogo. Lakini kiangazi kile hapakuwa na maji mengine ya karibu, na mwanamke aliyekatazwa maji, mume hayupo, mtoto mdogo, ni kama ameambiwa abebe chungu chake aende. Akufukuzaye hakwambii toka.

Mama Adelina alikana. Akasema mumewe ana mdomo, lakini mdomo hauui samaki. Wengine wakacheka, nikadhani yameisha. Hapo mtu mmoja akamtaka aape. Mwalimu wa madrasa, ambaye naye simlaumu, akasema msahafu hauapiwi na asiyeuamini, itakuwa ni mchezo. Mama Adelina akasema basi ataapa kwa msalaba wake. Sauti ikatoka nyuma, ya mwanamke, ikasema, "Huo msalaba wako sisi hatuujui. Utatudanganya nao." Nilimtazama mama yangu. Alikuwa ameushika mkono wa Adelina, siyo wangu, na anatazama chini.

Mama Adelina akavua ndara. Akaingia majini mpaka magotini, akawasogeza perege kwa kiganja kama anayesogeza majani, akachota kwa kata yake pale pale alipokuwa amesimama, katikati ya viroba vya mihogo. Akasema, na hakupandisha sauti, "Kama nimeyatia sumu maji haya, basi yaanze na mimi." Akanywa yote. Akaigeuza kata tuone haina kitu.

 Mwenyekiti akakohoa, nadhani alitaka kusema watu watawanyike. Ndipo Mama Adelina akashika kichwa. Akatoka majini taratibu, akachuchumaa kwenye tope, akatapika. Akatapika tena. Macho yake yalikuwa hayatulii. Na wanawake, baadhi yao waliokula chumvi yake na kumsukia ukili, wakaanza kunong'ona kwamba amejihukumu mwenyewe, ameapa na kiapo kimemshika.

Hapa ndipo kichwa changu cha kitoto kilipochanganyikiwa, na niseme tu, hakijatulia hadi leo. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba utupa haumdhuru mtu. Samaki waliolewa utupa wanaliwa, tena watu wanalamba vidole. Sasa kama maji yale yalikuwa na utupa, Mama Adelina asingeumwa. Kuumwa kwake kulionyesha kwamba kuna kitu kingine majini, siyo utupa. Kwa akili yangu ndogo, alikuwa ameshinda. Nikamvuta Bibi nguo nikamwambia hivyo, tena kwa sauti, maana nilidhani amesahau. Bibi akaniinamia mpaka nikanusa ugoro wake.

"Nyamaza, mjukuu wangu," akasema. "Maswali mengine humezwa."

Sikujua kama alikuwa ameelewa au hakuelewa. Alikuwa mtu wa kuvundika mihogo tangu ujana wake, alimwona shoga yetu akichota katikati ya viroba. Lakini viroba vilikuwa vya kila mtu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile tulikuwa tumeivaa kijiji kizima. Labda Bibi aliliona hilo. Labda hakuliona kabisa na mimi namsingizia hekima aliyokuwa hana, au ukatili aliokuwa hana.

Mama Adelina akakatazwa. Siku iliyofuata wanawake waliondoa viroba vyao, mihogo ilikuwa imeshalainika, wakaianika, tukala ugali. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mihogo. Na mama yangu, ambaye pale mkutanoni hakufungua mdomo, akaanza kuchota ndoo zaidi ya tulizozoea. Ndoo moja aliiacha njiani, kwenye kona ya mikorosho, na akirudi aliikuta tupu, imeoshwa, wakati mwingine ndani mna kipande cha boga au maembe mabichi. Nilimuuliza kwa nini hakumtetea shoga yake. Alikuwa anapepeta, hakuacha.

"Ningesema, wangetukataza na sisi," akasema. "Sasa nani angemchotea?"

Nimelipima jibu hilo miaka yote. Kuna siku naona mama yangu alikuwa jasiri kuliko wote pale, na kuna siku naona alikuwa mwoga aliyejua kubeba ndoo. Nikimpa la kwanza nafsi yangu haikubali, nikimpa la pili mkono unakataa kuandika. Mvua zilipokuja, bwawa likajaa, vyura wakarudi, na baada ya muda perege wadogo wakaonekana tena ukingoni, sijui waliobaki walijificha wapi. Hakuna aliyekuja kumwambia Mama Adelina sasa chota. Mumewe aliporudi kutoka Mnazi Bay walifunga mizigo wakahama. Adelina aliniachia ganda la konokono. Nilililia siku nyingi, halafu nikalipoteza.

Nilipokua nilijipa jibu. Nikasema ilikuwa mihogo, basi. Mihogo ilitia sumu majini, samaki wakafa, Mama Adelina akanywa ile ile akaumwa. Kila kitu kilikaa mahali pake, na niliwasimulia wanangu hivyo, kwa uhakika wa mtu asiyeulizwa maswali.

Sasa Litanda si lile. Trekta lilikuja likalichimba na kulipanua, likawa lambo la mifugo na kufugia samaki. Kingo zimesimama, matete ni machache, yungiyungi limebaki kona moja. Maji ya kunywa yanatoka bombani, mwanamke anafungua koki huku anaongea na simu. Mihogo hakuna anayeivundika tena pale. Wengi wamepanda ile mitamu, na mwenye mchungu anavundika kwenye pipa nyumbani kwake. Utupa ukiwaonyesha vijana hawaujui. Na mwaka huu, baada ya joto kali na kisha siku za mawingu mazito, asubuhi moja perege wakaelea. Weupe, ubavu, wengine wakifungua na kufunga midomo juu ya maji. Kambale wazima. Nilisimama pale na miaka yangu yote nikahisi nimeshikwa nguo na mtoto mdogo.

Alikuja kijana mmoja, bwana samaki, akatazama, akaeleza kwa upole kwamba maji yameishiwa hewa. Majani na kinyesi vinapooza chini vinaimaliza, hasa maji yakiwa yamelala na jua halipo, na perege hana namna. Kambale yeye anaweza kuja kuvuta hewa juu. Nikamwambia habari za zamani, za viroba vya mihogo. Akasema inawezekana, mihogo inaoza, inamaliza hewa, na tena ina sumu yake. Lakini inawezekana pia kiangazi kile bwawa dogo lile lingefanya hivyo lenyewe hata bila mihogo. Nikamuuliza, maji yaliyoishiwa hewa, mtu akiyanywa anatapika? Akafikiri, akasema kwa hilo peke yake, hapana. Basi ilikuwa mihogo iliyomuumiza mama wa watu, na pengine si mihogo iliyoua samaki. Au vyote viwili. Au hofu na tumbo tupu. Kila jibu ninalopewa linafunika nusu, kama shuka fupi, ukivuta kichwani miguu inabaki nje.

Nikaona niende kumwambia mwenyewe. Mama Adelina yu hai. Anaishi mjini kwa Adelina, mitaa ya Chikongola, kwenye chumba cha uani chenye mlango wa bluu. Adelina anashona nguo, amenenepa, tulishikana tukacheka bila sababu. Mama yake amepungua urefu. Alinikumbuka kwa jina la mama yangu kwanza, halafu kwa langu, akaniuliza kama ndege wa vidole virefu bado yupo. Nikamwambia simwoni siku hizi. Nikamweleza kwamba perege wameelea tena Litanda, na safari hii hapakuwa na utupa wala kiroba cha mtu. Nilikuwa nimelibeba hilo njiani kama zawadi. Nilidhani atafurahi, au atalia, kitu kama hicho.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Na safari hii wamemtaja nani?"

Nilitaka kusema hakuna. Lakini si kweli. Nikamwambia wapo walioanza kuwataja wafugaji, wale waliokuja na ng'ombe zao kutoka mbali, ila maneno yaliisha kabla ya adhuhuri.

"Yaliisha kwa nini?"

 Nikasema, labda kwa kuwa maji ya kunywa yapo bombani. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kukataa. Mimi mwenyewe nimelifikiria sana njiani wakati wa kurudi: kama tumekuwa watu wema kuliko wazee wetu, au ni kwamba tu hatuna tena kiu ya maji yale. Ningependa iwe la kwanza. Sina ushahidi.

Adelina akasema mgeni hajapewa hata maji, aibu gani hii. Mama yake akamzuia, akainuka mwenyewe kwa kushika ukuta, akafungua ndoo yenye mfuniko, akachota kwa kikombe cha plastiki. Ni maji ya bomba, yaliyochemshwa, niliyaona meupe kabisa. Akakileta kikombe kinywani mwake, akanywa funda moja mbele ya macho yangu, akasubiri kidogo, ndipo akanipa.

"Usimshangae," Adelina akaniambia. "Anamfanyia hivyo kila mtu. Hata wajukuu."

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikanywa yote, nikakigeuza kikombe aone hakina kitu.